YouTube ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe: masharti ya matangazo, mipaka ya mapato na namna ya kufikisha hela benki

Kilimo cha parachichi Njombe, kwaya za Iringa, vichekesho vya vijana wa Mwanjelwa, matembezi ya Kitulo na Ziwa Ngozi: maudhui ya ukanda huu yana watazamaji, hadi walio nje ya nchi. Kinachokwama ni hela. Mara nyingi haikwami kwa uchache wa watazamaji. Inakwama kwa sababu video zimepakiwa mwaka mzima bila mtu kusoma masharti, na siku ya kuomba kulipwa mkaguzi anakuta nyimbo za watu, vipande vya televisheni na ajali zenye damu. Endesha chaneli tangu video ya kwanza kana kwamba mkaguzi anaifungua kesho asubuhi.

Vizingiti, na hesabu yake

Kuna ngazi mbili za kuingia kwenye mpango wa mapato wa YouTube. Ya chini inataka wafuatiliaji 500, video 3 za hadharani ndani ya siku 90, na saa 3,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 (au Shorts, yaani video fupi, zitazamwe mara milioni 3 ndani ya siku 90). Ngazi hiyo inahusu michango ya mashabiki, kama uanachama wa chaneli na Super Chat (ujumbe wa kulipia wakati wa mubashara), na huduma zake hutofautiana nchi kwa nchi. Haileti mgawo wa matangazo. Matangazo yanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 ndani ya miezi 12, au Shorts zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtu anakaa wastani wa dakika 4 kwenye video yako, unahitaji kutazamwa mara 60,000 kwa mwaka, yaani karibu mara 164 kwa siku. Ukipandisha wastani hadi dakika 6, zinatosha mara 40,000. Ndiyo maana somo la dakika 12 la kupogoa mparachichi, linaloangaliwa mpaka mwisho, lina faida kuliko video kumi za dakika moja moja.

Angalia saa zisizohesabiwa, maana hapa wengi huumia: saa za Shorts zinazotazamwa kwenye mtiririko wake, saa zilizotokana na tangazo ulilolipia, na saa za video uliyoifuta au kuifanya ya faragha. Matangazo mubashara ya ibada au harusi yanahesabika, ila ukishayaficha saa zake zinaondoka. Kabla ya kusafisha video za zamani, angalia kila moja imechangia saa ngapi.

Masharti mengine ni mepesi: uwe na miaka 18 (au mzazi afungue akaunti ya malipo), uthibitishaji wa hatua mbili uwe umewashwa, nchi ya chaneli iwe Tanzania, na usiwe na straiki (adhabu rasmi ya YouTube) iliyo hai ya kanuni za jamii.

Mkaguzi anaangalia nini

Haangalii video zote. Anaangalia dhima kuu ya chaneli, video zilizotazamwa zaidi, zilizo mpya, zilizobeba sehemu kubwa ya saa, vichwa vya habari, thambneli (picha ya jalada la video) na maelezo ya chaneli. Kwa hiyo video moja ya kuokota iliyopata watu wengi inaweza kuangusha kazi yako halali ya mwaka mzima. Ifute kabla ya kuomba, hata kama saa zitapungua.

Kosa linalokataliwa sana ni maudhui yaliyotumika tena: hotuba za bungeni zilizokatwa, magoli ya ligi yaliyorekodiwa kwenye televisheni, TikTok za watu zilizounganishwa. Kumtaja mwenye video hakukuokoi. Hata barua ya ruhusa haitoshi, kwa sababu swali la mkaguzi ni wewe umeongeza nini. Kosa la pili ni maudhui yasiyo halisi, jina lililoanza kutumika tarehe 15 Julai 2025 badala ya lile la maudhui ya kujirudiarudia: video zinazozalishwa kwa wingi kwa mtindo mmoja, kama picha za kuteleza zenye sauti ya kompyuta inayosoma habari za mtandaoni. Akili mnemba haijakatazwa. Kinachokatazwa ni chaneli isiyo na mkono wa mtu ndani yake.

Ukaguzi huchukua takribani mwezi mmoja. Ukikataliwa, una siku 21 za kukata rufaa, au usubiri siku 30 uombe upya. Ukikataliwa tena, kusubiri kunakuwa siku 90. Rufaa ya maudhui yaliyotumika tena hufanywa kwa video mpya, isiyozidi dakika 5, isiyo kwenye orodha ya hadharani. Taja anwani ya chaneli ndani ya sekunde 30 za mwanzo, halafu onyesha kazi yenyewe: kamera yako shambani, faili ghafi, skrini ya programu ya kuhariri, wewe ukirekodi sauti. Usitumie dakika zote tano kulalamika.

Muziki

Tofautisha vitu viwili. Dai la Content ID ni mashine imetambua wimbo. Mara nyingi video inabaki, ila mapato yake huenda kwa mwenye wimbo. Straiki ya hakimiliki ni mwenye kazi ameomba video iondolewe kisheria. Straiki tatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa pamoja na nyingine zako zote.

Video ya sendofu iliyopigwa ukumbini huwa na nyimbo sita za Bongo Fleva na mbili za Injili. Hata sekunde chache zinatambulika. Ile habari ya "sekunde kumi ni bure" ni uongo. Unapohariri, shusha sauti ya ukumbi, weka muziki wa Maktaba ya Sauti ya YouTube, na ubakize maneno ya MC pale DJ aliponyamaza. Kama video imeshapanda, YouTube Studio ina vifaa vitatu: kukata kipande, kubadili wimbo, au kunyamazisha wimbo pekee. Jaribu hicho cha tatu kwanza, ingawa mara nyingine huacha sauti ya mtu ikiwa na mwangwi.

Kwaya zina tatizo lake. Mpiga video anarekodi kwaya Iringa, anaweka kwenye chaneli yake, na kwaya imeshampa msambazaji wa mtandaoni albamu ileile. Dai linakuja, na kila upande unamwona mwenzake mwizi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mtunzi, waimbaji na mrekodi kila mmoja ana haki yake. Kabla ya kurekodi, andikeni karatasi moja inayosema nani anamiliki sauti, nani anamiliki picha, video itakaa chaneli gani, na mapato yanagawanywaje. Kisha mwambieni msambazaji aiweke chaneli hiyo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husajili kazi, na cheti chake kinasaidia mgogoro ukifika mbali.

Ukiona dai si la haki, lipinge ndani ya siku 5: mapato yote tangu siku ya dai yatashikiliwa mpaka uamuzi utoke. Ukichelewa, kushikiliwa kunaanza siku uliyopinga, na ya nyuma yanakwenda kwa mdai. Mdai ana siku 30 za kujibu. Akikaa kimya, dai linaanguka. Usipinge wimbo ambao ni wake kweli, kwa sababu anaweza kuugeuza kuwa straiki.

Alama ya dola ikigeuka njano

Ukishaingia kwenye mpango, kila video hupewa alama. Kijani ni matangazo kamili; njano ni machache au hakuna kabisa. Video ya njano haijavunja kanuni za YouTube. Ni kwamba makampuni hayataki bidhaa zao zikae hapo.

Kwenye ukanda huu sababu za njano zinajirudia. Ajali za malori Kitonga au Inyala ndiyo kubwa. Miili, damu na majeruhi wanaolia huondoa matangazo, na picha kali isiyo na maelezo inaweza kuleta straiki. Mtu anayeripoti apige barabara, foleni, gari lililoanguka kwa mbali, amhoji afisa wa usalama barabarani, na aeleze sababu. Mwili uliofunikwa usiwe kwenye thambneli. Tunalisisitiza hili pia kwa sababu ndugu wa marehemu wako Facebook na WhatsApp, na hawastahili kupata taarifa ya msiba kutoka kwenye chaneli yako.

Kwenye mapishi, nyama ya kitimoto jikoni haina shida, ila kuchinja, koo linalovuja na matumbo kwa karibu vinaleta njano. Anza mnyama akiwa ameshakuwa nyama. Ulanzi unaweza kuonyeshwa kama utamaduni: kugema mianzi, mbeta (vyombo vya kukingia) zinavyotegwa, wazee wakinywa taratibu. Kinachoharibu ni mtoto mwenye kikombe mkononi, au mashindano ya nani atalewa mapema. Matusi kwenye kichwa cha video au thambneli yana uzito kuliko yaliyo ndani ya maongezi.

Namna ya kufanya kazi ni hii. Pakia video ikiwa ya faragha, jibu dodoso la ufaafu kwa matangazo kwa ukweli, subiri ukaguzi wa hakimiliki na wa matangazo umalizike, ndipo uiweke hadharani. Majibu yako hulinganishwa na ukaguzi wa mfumo. Ukizoea kudanganya, dodoso lako linapuuzwa. Njano ikija na unaamini si sahihi, omba ukaguzi wa binadamu. Usihariri kichwa ovyo huku ukisubiri, na usifute na kupakia upya, maana mfumo utaitambua video ileile.

Kupakia mapema kunahitaji bando, hivyo ujue ukubwa wa faili. Video ya 1080p kwa megabiti 8 kwa sekunde ni kama MB 60 kwa dakika, kwa hiyo dakika 10 ni MB 600. Kwa 720p yenye megabiti 5, dakika 10 ni MB 375, na kwa somo la kilimo linaloangaliwa kwenye simu, 720p inatosha.

Matangazo ya katikati na mgawo

Kwenye video ndefu mtengeneza maudhui anapata 55% ya mapato ya matangazo. Kwenye Shorts ni 45% ya fungu lililotengwa kwake. Michango ya mashabiki ni 70%. Video ikizidi dakika 8 unaweza kuweka matangazo ya katikati. Yaweke pale hatua moja ilipoisha na nyingine haijaanza, kwa mfano baada ya kuonyesha shimo la mche na kabla ya samadi. Tangazo linalokata sentensi linamfukuza mtazamaji, na huwa halionyeshwi mara nyingi. Usivute video ya dakika 5 ifike 8. Wastani wa kutazama utashuka na utapoteza pande zote mbili.

Video zilizolengwa kwa watoto, kama nyimbo za chekechea na katuni za hadithi, lazima uzitaje hivyo. Tangu Januari 2020 hazina matangazo yanayomfuata mtazamaji kwa tabia zake, wala maoni, na mapato yake huwa madogo. Kuificha video ya watoto ili ulipwe zaidi kunaweza kukufungia mapato yote. Mtoto kuonekana tu kwenye video ya familia hakuifanyi kuwa ya watoto. Ila omba ridhaa ya mzazi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa sura na sauti ya mtu.

Mdhamini wa mjini kwako

Kwa chaneli ndogo, duka la pembejeo Uyole, gesti ya Tukuyu au kampuni ya mabasi inaweza kulipa zaidi ya matangazo ya YouTube yenyewe. Inaruhusiwa, kwa mipaka.

Kwanza, weka tiki kwenye kisanduku cha udhamini wa kulipiwa wakati wa kupakia. Mtazamaji ataona taarifa kwa sekunde 10 za mwanzo. Malipo ni malipo hata yakiwa mifuko mitano ya mbolea au vyumba viwili vya bure. Sema pia kwa mdomo wako kwamba umelipwa.

Pili, usichomeke ndani ya video yako tangazo lililotengenezwa na mdhamini, lile la redioni au la televisheni. Wewe mwenyewe ukiishika bidhaa na kuieleza, sawa. Kadi tuli yenye nembo isizidi sekunde 5, na ikiwa mwanzoni iwe na jina la chaneli yako pia. Kadi ya mwisho ikae ndani ya sekunde 30 za mwisho.

Tatu, chunguza bidhaa, kwa sababu watu watakuamini wewe. Mbegu za mahindi au viazi mviringo ziwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Viuatilifu visajiliwe na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), mbolea na TFRA (mamlaka ya udhibiti wa mbolea). Omba picha ya cheti, soma namba yake, na usitaje kipimo cha dawa tofauti na kilicho kwenye kibandiko. Mkulima wa Ilembo au Makete akinyunyiza kwa kipimo ulichobuni, hasara ni msimu mzima. Dawa za binadamu ni eneo la TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na tiba asili ina baraza lake. Ahadi ya kuponya kisukari au ukimwi itaondoa video na huenda chaneli. Michezo ya kubahatisha inahitaji mwendeshaji mwenye leseni, na viungo vya tovuti za kamari zisizoidhinishwa na Google vinaondolewa. Kuhusu programu za mikopo ya simu, Benki Kuu ilitangaza mwaka 2024 majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Tafuta jina kwenye orodha hiyo kabla ya kupokea senti.

Nne, andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: sekunde ngapi, video itakaa muda gani, mdhamini anaweza kuitumia kwingine au la, nani anaidhinisha kabla haijatoka, na mara ngapi anaweza kudai marekebisho (mbili zinatosha). Nusu ya malipo iingie kabla ya kupiga. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya 5% kwa malipo ya mtengeneza maudhui ya kidijitali: kwenye shilingi 400,000 mdhamini anazuia 20,000 na kukupa cheti cha zuio. Kitunze, TRA watakukatia kiasi hicho kwenye kodi ya mwaka. Kwa hiyo TIN ni ya kutafuta mapema, na kuipata ni bure.

Leseni na vibali

Chaneli ya habari na matukio, ile watu wanayoiita onlaini TV, inahitaji leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) chini ya Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020, zilizorekebishwa 2022. Kuendesha bila leseni ni kosa lenye faini kubwa au kifungo. Vichekesho vikianza kuchanganywa na taarifa za mikutano ya wanasiasa, umeshavuka mpaka. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo jijini Mbeya. Nenda na maelezo ya vipindi vyako uulize unaangukia kundi gani na ada yake kwa sasa. Droni inahitaji usajili na kibali kupitia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kupiga video za biashara ndani ya Kitulo au Ruaha kunataka kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mbali na kiingilio.

Kutoka AdSense hadi benki

1. Fungua akaunti moja tu ya AdSense, mfumo wa Google unaolipa mapato ya YouTube, kwa jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki. Akaunti ya pili kwa jina lilelile hukataliwa.

2. Jaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, kwa TIN yako ya tarakimu 9. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo usidai nafuu. Kwa fomu hiyo unakatwa 30% ya mapato ya watazamaji walio Marekani pekee. Bila fomu unaweza kukatwa hadi 24% ya mapato yote duniani. Ukiwa na dola 200, na dola 15 zimetoka Marekani, ni tofauti ya kukatwa dola 4.50 au dola 48.

3. Mapato yakifika dola 10, barua yenye PIN ya tarakimu 6 inatumwa. Tumia S.L.P. unayoifikia kweli, pamoja na postikodi (Iringa huanza na 51, Mbeya na 53). Sanduku la shule au la kanisa linafaa, mradi mwenyewe akubali na jina lako liandikwe. Kawaida ni wiki 2 hadi 4. Uliza dirishani posta, barua hailetwi nyumbani. Usipothibitisha ndani ya miezi 4, matangazo husimama.

4. Weka akaunti ya benki na msimbo wa SWIFT (utambulisho wa benki kimataifa). CRDB ni CORUTZTZ na NMB ni NMIBTZTZ, lakini thibitisha tawini, na uulize makato ya kupokea fedha kutoka nje. Linganisha akaunti ya dola na ya shilingi.

5. Mapato ya mwezi uliopita huonekana kati ya tarehe 7 na 12. Yakifika dola 100 malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26. Yasipofika yanasogea mwezi unaofuata, hayapotei. Yakizidi siku kadhaa bila kuingia, pakua risiti ya malipo AdSense uipeleke benki. Herufi moja tofauti kwenye jina inatosha kusimamisha muamala.

Usibofye matangazo yako, usiwaombe wafuatiliaji wabofye, na kaa mbali na makundi ya WhatsApp ya "nifuate nikufuate". Wafuatiliaji wa kubadilishana hufutwa, saa zao huondolewa, na mibofyo ya namna hiyo ikiingia AdSense hukatwa kwenye malipo au akaunti hufungwa moja kwa moja. Wala usinunue chaneli inayouzwa ikiwa imeshaanza kulipwa: akaunti ya awali bado inaweza kuirudisha kwa muuzaji. Ukienda shambani msimu mzima, acha video mbili tatu zilizopangwa tarehe ya kutoka, kwa sababu chaneli isiyopakia video wala kuweka chapisho kwa miezi 6 inaweza kuondolewa kwenye mpango wa mapato.